Kabla mpiga picha hajabisha hodi

Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la madalali wa Dar es Salaam, hutakosa tangazo la namna hii: nyumba inauzwa Tabata, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, dining, jiko, stoo, fensi, maji hayakatiki, bei maongezi yapo. Chini yake picha saba. Ya kwanza ni choo. Ya pili ni choo hicho hicho kwa upande mwingine. Ya tatu ni sebule, imepigwa kwa haraka kutoka mlangoni, imelalia kushoto, na kwenye kioo cha kabati anaonekana dalali mwenyewe, simu imemziba uso. Uani nguo zimeanikwa. Bei: milioni mia na themanini.

Pengine hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote ambazo familia hiyo imewahi kumiliki, na imepigwa picha kwa dakika tano. Anayetafuta nyumba naye hana muda. Kwenda kuiona nyumba ni nauli, ni foleni, na mara nyingi ni hela ya dalali ya kuonyeshwa, ununue usinunue. Kwa hiyo anachagua akiwa kitandani kwake, kidole kikipandisha picha moja baada ya nyingine. Mwingine yuko Dodoma alikohamishiwa kikazi, mwingine Muscat au London, na atamtuma shemeji yake akaione nyumba ikiwa tu picha zimemridhisha. Nyumba nzuri yenye picha mbaya haikataliwi. Inapitwa tu, na mwenye nyumba anabaki kulalamika kwamba soko limekufa.

Tatizo, kwa maoni yangu, halianzii kwenye simu ya dalali. Linaanzia sebuleni, tena kwenye sebule iliyoandaliwa vizuri kabisa.

Nilikuwepo siku kijana mmoja mpiga picha alipokuja nyumbani kwa mama mmoja mstaafu anayeuza nyumba yake ili ahamie kwa binti yake. Mama alikuwa ameamka alfajiri kujiandaa. Makochi yalivalishwa vitambaa vyeupe vya kudarizi. Kwenye meza kulikuwa na maua ya plastiki, na chini ya maua kitambaa kingine. Kabati la vyombo lilikuwa limesheheni glasi, birika na seti ya vikombe vya kahawa ambavyo havijawahi kuonja kahawa. Ukutani kulikuwa na picha za mahafali ya watoto wote wanne, saa mbili, na kalenda ya SACCOS.

"Shikamoo mama. Samahani, hivi vitambaa vya makochi tunaweza kuvitoa?"

"Marahaba mwanangu. Uvitoe? Mbona nimevifua jana kwa ajili yako!"

Kijana akacheka, akasema vimependeza, ila kamera ikiviona vyote kwa pamoja haitaliona kochi. Mama akanyamaza kidogo. "Na kabati?"

"Kabati libaki, mama. Tutoe glasi tu."

"Hizo glasi hazijatoka humo tangu marehemu baba yenu azilete."

Walibishana kwa upole, kama mtu na mwanawe. Mwishowe glasi zikafungwa ndani ya kanga, zikawekwa kwenye beseni na kupelekwa chumbani. Maua yakafuata. Picha za mahafali zikashushwa na meza ndogo mbili zikatolewa uani. Kochi moja likasogezwa kutoka ukutani, kwa sababu sebule zetu nyingi zina makochi yaliyobanwa ukutani pande zote na katikati hakuna kitu. Mama akarudi, akasimama mlangoni akaitazama. "Kumbe ni kubwa hivi," akasema.

Sisi tumefundishwa kuandaa sebule kwa ajili ya mgeni wa miguu, na mgeni huyo tunamheshimu kwa kuongeza: kiti zaidi, kitambaa zaidi, vyombo vya kioo ajue kwamba hapa pana watu. Kamera ni mgeni wa namna nyingine kabisa. Haikai, hainywi chai, na kila unachoongeza inakihesabu kuwa ni nafasi iliyopungua. Anayenunua haitaki sebule ya mama. Anatafuta mahali pa kuweka makochi yake. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuandaa nyumba ni kutoa vitu. Kufagia kunafuata baadaye.

Likishamalizika hilo, mengine ni mepesi. Kitandani tandika shuka moja isiyo na maua mengi, na chandarua kishushwe kabisa. Kukifunga fundo juu ya kitanda kunaacha donge la bluu katikati ya picha. Feni ya juu izimwe, la sivyo itatoka kama ukungu. Bafuni toa ndoo, kopo, miswaki na sabuni, funga kifuniko cha choo, basi. Jikoni mtungi wa gesi na madumu vitoke, sufuria zipungue, lakini karo na bomba ving'arishwe, maana huko ndiko jicho la mwanamke anayenunua nyumba huenda moja kwa moja. Sakafu ya marumaru ipigwe deki mapema na ikaushwe kwa kitambaa. Michirizi ya maji ambayo huioni ukiwa umesimama, kamera iliyowekwa usawa wa kifua huiona yote.

Mwanga ndio unaostahili kufikiriwa kwa utulivu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Mchana wa siku hizo, na kwa kweli mchana wa siku nyingi za mwaka, paa hutupa kivuli ukutani, ukuta unakuwa mweusi na bati linawaka. Nyumba iliyoelekea mashariki ipigwe saa mbili au saa tatu asubuhi. Iliyoelekea magharibi isubiri saa kumi. Iliyoelekea kusini hupata jua usoni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Februari, wakati jua liko upande huo. Iliyoelekea kaskazini hulipata vizuri zaidi katikati ya mwaka. Siyo lazima umsubirishe mnunuzi miezi sita, lakini kujua kutakuzuia usimlaumu mpiga picha kwa kivuli kilichowekwa na Muumba.

Wapo wanaotaka ile picha ya jioni, taa za nje zimewaka na mbingu bado ina bluu. Ni picha nzuri, na huku kwetu ni picha ya kukimbizana. Ulaya machweo huvuta muda. Hapa jua likishazama giza huingia upesi, na baada ya adhana ya Magharibi una kama robo saa ya kazi. Kamera iwe tayari kwenye stendi, taa zote zimeshajaribiwa, na LUKU isiwe imebakiza uniti mbili. Umeme ukikatika dakika ile, rudi kesho.

Ndani, fungua mapazia yote. Yale mazito ya tabaka mbili yenye nakshi yafungwe pembeni au yatolewe kabisa. Dirisha la alumini huwa na fremu ya wavu wa mbu inayoteleza. Isukume upande mmoja, kwa sababu wavu hula mwanga na kufanya bustani ya nje ionekane imefunikwa vumbi. Nondo za dirishani ziache, kila mtu anajua tunaishi wapi. Kuhusu taa, angalia rangi. Chumba chenye balbu moja nyeupe na nyingine ya njano hutoa ukuta wenye sura ya mgonjwa, na hakuna kusahihisha kokote kutakakoponya. Ama balbu zote zifanane, ama zote zizimwe mwanga wa dirisha ufanye kazi. Na kama kwenye picha za simu unaona mistari myeusi ikikatiza ukuta, kosa si la simu peke yake: umeme wetu ni wa Hz 50, balbu duni ya LED huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde, na kamera inayofunga haraka huunasa ule mfifio.

Hapo nje ndipo miongozo ya wenzetu wa Marekani na Uingereza inapotupoteza. Wao husema ficha matangi, ficha mita, ficha mabomba, onyesha maua. Hapa mnunuzi anataka kuliona tangi la maji. Simtanki la lita 5,000 juu ya mnara wake, pampu ya kisima, geti la chuma, fensi yenye waya, hivyo ni sehemu ya bei, na picha isiyovionyesha humfanya mtu aulize kinachofichwa ni nini. Toa gari, anua nguo, fagia majani ya mwembe, lakini tangi lipigwe picha yake peke yake. Vilevile barabara. Swali la kwanza la mnunuzi yeyote wa Dar ni kama gari linafika, na la pili ni maji ya masika huenda wapi. Anayekumbuka mafuriko ya bonde la Msimbazi haulizi hivyo kwa mzaha. Picha moja ya njia kutoka lami hadi getini ina thamani kuliko picha tano za jipsamu ya dari, na bado sijaona dalali anayeiweka.

Hapo tumefika mpakani. Kutoa glasi kabatini ni maandalizi. Kupaka rangi wiki ya picha juu ya ukuta unaotoa chumvi ni kitu kingine. Nyumba nyingi za ukanda wa pwani zina ugonjwa huo: unyevu hupanda kutoka kwenye msingi, hubeba chumvi, na rangi hubanduka kuanzia chini. Rangi mpya hunyamazisha kwa muda mfupi, kisha ukuta husema tena. Mnunuzi akikuta tofauti kati ya picha na ukuta, hapunguzi gharama ya ukarabati tu. Anaanza kuitilia shaka hata hati. Vivyo hivyo kile kitufe cha 0.5 kwenye simu. Kinasaidia chumba kidogo kuonekana chote, lakini huvuta pembe za picha, na chumba cha futi kumi kwa kumi huonekana kina nafasi ya kucheza. Mnunuzi huja na futi kamba. Andika vipimo chini ya picha na utakuwa umeumaliza ugomvi kabla haujaanza.

Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazojaza chumba kitupu makochi, zinazootesha nyasi uani na kufuta nguzo ya umeme. California, Marekani, imetunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2026 inayomtaka wakala aseme wazi kwamba picha imebadilishwa na amwezeshe mteja kuiona ya asili. Kochi la kuchora sina ugomvi nalo sana ikiwa imeandikwa kuwa ni la kuchora. Nguzo iliyofutwa ni utapeli.

Kuna usalama pia, jambo ambalo wenye nyumba hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Picha ya sebule huonyesha televisheni, aina ya kitasa na dirisha lisilo na nondo. Kabla ya kupiga, ondoa picha za watoto, sare zenye jina la shule, vyeti, namba ya gari, na kile kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa tangu operesheni ya 2022. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu. Kama ndani anaishi mpangaji, mwombe ruhusa na umpe siku mbili za kujipanga. Vitu ni vyake hata kama kuta ni zako. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2023, ila picha huenea upesi kuliko malalamiko.

Unapozituma kwa dalali, usizitume kwa njia ya kawaida inayozikamua hadi zipoteze ung'avu. Tangu Agosti 2023 WhatsApp ina chaguo la HD, au zitume kama faili. Weka jina lako au namba kwa wino hafifu katikati ya kila picha, kwa sababu matapeli huchukua picha nzuri za nyumba za watu, hutangaza bei ya kuchekesha, na kukusanya hela ya kuonyeshwa kwa nyumba wasiyoijua hata mtaa wake.

Na ombi moja kwa madalali. Nyumba ikishauzwa, zifuteni picha zake kwenye makundi na kurasa zenu zote, leo na si mwezi ujao. Kuna familia zimeshahamia, zimetandika vitanda vyao, na bado kila Jumamosi watu wanagonga geti kuulizia nyumba inayouzwa.