Daftari Safi Si Kipimo: Tunavyofundisha Kuchora

Ubao ukishakatwa vibaya haurudi. Hilo tunalikumbushana kila tunapotembelea vikundi vya vijana wanaojifunza useremala huku Kibondo na Kasulu. Kijana anayeanza kazi akiharibu ubao mmoja wa mninga, faida ya meza nzima imekwenda. Mara nyingi kosa halianzii kwenye msumeno, linaanzia kwenye mchoro.

Kwa muda mrefu tulisikia, "Mimi sina kipaji cha kuchora," nasi tukaamini. Mwalimu alichora kigoda ubaoni, vijana wakanakili kwa usafi, tukaridhika. Wiki iliyofuata tuliwaomba wakichore bila kutazama, na wengi wakashindwa. Walikuwa wamenakili mistari bila kukielewa kigoda.

Watafiti wa namna watu wanavyojifunza wametusaidia kuona kasoro ilipo. Tumechukua kwao mambo matatu.

Kwanza, kukumbuka bila kutazama. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma habari na waliojipima kwa kuiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi. Kwa hiyo sasa vijana hutazama kigoda dakika chache, kinafunikwa gunia, kisha wanachora. Kikifunuliwa, kila mmoja anajisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Pili, kugawa mazoezi. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba mazoezi yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Badala ya saa mbili za kuchora kila Ijumaa, tunapanga nusu saa kwa siku nne. Muda ni uleule. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kuchanganya. Mwaka 2008 Kornell na Bjork waliwaonyesha wanafunzi picha za wachoraji 12. Wachoraji ambao picha zao zilichanganywa na za wengine walitambuliwa vizuri zaidi katika picha mpya, ingawa wanafunzi wengi walidhani wamejifunza zaidi pale picha za mchoraji mmoja zilipofuatana. Utafiti huo ulihusu kutambua picha, si kuchora, hivyo tunautumia kwa tahadhari. Katika somo moja tunaweka kigoda, meza na fremu ya dirisha, na kila kimoja kinachorwa kwa mbele, ubavuni na juu.

Tunawatahadharisha walimu wenzetu: njia hii mwanzoni huvunja moyo. Michoro inakuwa na makosa mengi, madaftari yanachafuka, na mgeni anayekagua anaweza kudhani hakuna kinachofundishwa. Daftari lililonakiliwa hupendeza leo, lakini mteja hatamletea fundi daftari la mwalimu. Atamweleza kitanda anachokitaka, naye fundi lazima akione kichwani, akichore na kukiwekea vipimo kabla ya kugusa mbao.

Vifaa ni penseli, rula na karatasi zilizotumika upande mmoja. Basi tunawaomba walimu wa vikundi: msimpime kijana siku ya somo. Mpimeni wiki inayofuata, kigoda kikiwa kimefunikwa.