Kuirekebisha Baiskeli Kuukuu ya Milimani

Mwalimu au mwanafunzi aendaye shuleni kwa baiskeli kuukuu ya milimani mara nyingi hulalamika kuwa shingo inamkaza, mgongo unamuuma na vidole vinakufa ganzi. Lawama huangukia kiti, naye hununua kingine kinene zaidi. Lakini maumivu hubaki palepale. Chanzo chake hasa ni umbali na kimo cha usukani, nacho chaweza kuelezwa kwa kanuni ya wenzo inayofundishwa katika somo la fizikia.

ASILI YA MWINAMO

Baiskeli za milimani zilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, wakati vijana wa kaunti ya Marin waliposhindana kuteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za magurudumu manene. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza Stumpjumper, iliyoundwa kwa wingi kiwandani. Mchezo ulikua, na mwaka 1990 yakafanyika mashindano rasmi ya kwanza ya dunia mjini Durango, Colorado. Katika miaka hiyo baiskeli nyingi ziliundwa kwa mfano wa zile za washindani: shingo ya usukani ikawa ndefu, mara nyingi kati ya milimita 120 na 150, na usukani ukawa mnyoofu na wa chini. Umbo hilo humsaidia mshindani apandapo mlima, kwani huzuia gurudumu la mbele lisiinuke. Baadhi ya baiskeli hizo zimefika Afrika Mashariki kama mitumba, na wengi wazinunuao hawana haja ya kushindana na mtu.

HESABU YA UZITO

Kiwiliwili, kichwa na mikono kwa pamoja ni takribani theluthi mbili ya uzito wa mwili. Mpandaji anapoinama, sehemu hiyo huwa kama wenzo wenye egemeo kwenye nyonga. Nguvu ya kuuzungusha mwili kuelekea mbele, yaani momenti, hutegemea kosaini ya pembe iliyopo baina ya mgongo na ardhi. Pembe ikiwa digrii 45, kosaini yake ni 0.71, ikiwa digrii 60, ni 0.50. Hivyo basi, kuinua mgongo kwa digrii 15 tu hupunguza momenti kwa karibu asilimia 30. Mzigo huo hubebwa na misuli ya mgongo na viganja. Kiganja kikigandamizwa kwa muda mrefu, neva ya alna hubanwa, na kidole cha pete pamoja na kile kidogo hufa ganzi.

KITI KWANZA

Hapana budi marekebisho yaanze na kiti, kwa sababu kimo chake huamua kimo cha usukani. Mpandaji aketi, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Atakapoweka sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, goti litapinda kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Kiti kiwe sambamba na ardhi. Wako wanaokiinamisha mbele wakidhani watapata nafuu. Kumbe kiti kilichoinama humtelezesha mpandaji na kuzidisha mzigo wa mikono.

KISHA USUKANI

Katika baiskeli nyingi za zamani, shingo ya usukani huingia ndani ya bomba la uma na kushikwa na kabari ivutwayo na bolti ndefu. Bolti hulegezwa mizunguko miwili au mitatu, kisha kichwa chake hugongwa taratibu, kipande cha mti kikiwa juu yake, hata kabari iachie. Hapo shingo huweza kuinuliwa. Juu yake umechorwa mstari wa kikomo, na kamwe usionekane nje. Shingo iliyoinuliwa kupita hapo yaweza kuvunjika au kung'oka, na mpandaji akabaki na usukani mikononi katikati ya mteremko. Onyo hilo lahusu pia bomba la kiti.

Ikiwa kimo hakijatosha, fundi aweza kuweka shingo fupi yenye kuelekea juu, au usukani uliopinda juu. Kipenyo sharti kilingane na bomba: kwa baiskeli nyingi ni milimita 22.2, na kwa nyingine 25.4.

Baada ya kukaza bolti, gurudumu la mbele lishikwe baina ya magoti na usukani ujaribiwe kuzungushwa, usiteleze. Breki nazo zikaguliwe, kwani katika baadhi ya baiskeli waya wa breki ya mbele hupita kwenye shingo yenyewe, na shingo ikipanda waya hukazika.

JARIBIO LA DARASANI

Gurudumu la mbele liwekwe juu ya mizani ya kupimia watu, na la nyuma juu ya ubao wenye kimo kilekile. Wanafunzi wawili waishikilie baiskeli wima, na wa tatu apande. Uzito usomwe kabla ya kuinua usukani na baada yake. Tofauti ya namba hizo mbili ni sehemu ya mzigo uliohama kutoka mbele kwenda nyuma, na kila mwanafunzi aweza kuikokotoa mwenyewe.