Majani Makavu na Mvua: Vinara wa Udongo wa Misitu

Mto Ruki, unaoingia Mto Kongo pale Mbandaka, ni miongoni mwa mito mikubwa iliyo myeusi zaidi duniani. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walitangaza kwamba unaushinda Rio Negro wa Amerika Kusini kwa weusi, kiasi cha mara moja na nusu. Weusi huo si uchafu. Mvua ya msituni hupita kwenye majani yaliyopukutika kama maji ya moto kwenye majani ya chai, ikayanyonya rangi, kaboni na tindikali, kisha ikatiririka mtoni. Bonde la Ruki ni sehemu moja tu kati ya ishirini ya bonde zima la Kongo, lakini hutoa sehemu moja kati ya tano ya kaboni iliyoyeyuka katika mto huo mkuu.

Kinara mwingine yuko huko huko. Katika Cuvette Centrale, eneo la vinamasi katikati ya bonde la Kongo, maji yametuama, oksijeni ni haba, na vijidudu vinavyoozesha hushindwa kumaliza kazi yao. Majani na mizizi imelundikana kwa zaidi ya miaka 10,000. Ramani ya mwaka 2017 ilionyesha kilomita za mraba 145,500 za tabaka hilo la mboji, kubwa kuliko yote ya ukanda wa tropiki, likihifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi nzito kuliko zote, maana mfereji mmoja wa kukausha maji hutosha kuanza kuivuruga.

Kwa kina, taji liende K'gari, Australia, kisiwa cha mchanga kikubwa kuliko vyote duniani. Mvua na tindikali za mimea zimeng'oa chuma na kukishusha chini, hata udongo uliochujwa hivyo ukafikia kina cha zaidi ya mita 25.

Kwa madini, hakuna kama mti wa Pycnandra acuminata wa Kaledonia Mpya. Utomvu wake ni wa kibuluu-kijani, na ukikaushwa, hadi robo ya uzito wake ni nikeli. Majani yake yakianguka, udongo wa juu hupokea nikeli iliyovutwa na mizizi kutoka chini.

Fosforasi nayo husafiri mbali. Vumbi la Sahara, ambalo sehemu yake hutoka bonde la Bodélé nchini Chad, huvuka Atlantiki. NASA ilikadiria mwaka 2015 kwamba Amazon hupokea hivyo tani 22,000 za fosforasi kwa mwaka, karibu sawa na kiasi kinachosombwa na mvua na mafuriko.

Nawe mwenye miti uani, tafadhali usichome majani yake. Moto hupeleka naitrojeni hewani, na mvua ya kwanza husomba majivu. Yaache yaozee shinani.