Gego la mwisho: Usingoje shavu lifure ndipo umwone daktari

NI wachache wasioogopa kiti cha daktari wa meno. Wengi hununua tembe za maumivu dukani, wakalala na kuamka wakidhani wamepona. Kumbe kilichotulia ni maumivu tu. Chanzo chake kingali palepale.

Kwa vijana, gego la mwisho ndilo aghalabu huleta taabu. Huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati meno mengine yamekwisha kujaza taya. Likikosa nafasi, hulala ubavu na kusukuma jirani yake, au hubaki nusu likiwa chini ya ufizi. Chakula hunasa hapo, ufizi ukafura na kutunga usaha.

Gego la aina hii mara nyingi haling'oki kwa koleo pekee. Baada ya kulipiga taya picha ya eksirei, daktari hukudunga sindano ya ganzi. Kisha hupasua ufizi kidogo, hupunguza mfupa uliofunika jino, na pengine hulikata vipande ndipo alitoe. Utahisi kusukumwa, lakini si uchungu. Ukihisi uchungu, inua mkono, ganzi huongezwa. Mwishowe ufizi hushonwa.

Kabla ya hayo yote, mweleze daktari iwapo una mimba, ugonjwa wa sukari, wa moyo au shinikizo la damu, ama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa hizo kwa hiari yako.

Ukitoka hapo, kazi iliyosalia ni yako. Uma kitambaa ulichopewa kwa muda wa nusu saa hivi. Damu inayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu makali hufika hadi sikioni. Kwa hivyo, kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu wala usinywe soda kwa mrija. Sigara iweke kando kwa siku kadhaa. Siku ya pili, anza kusukutua polepole kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Uji uliopoa na viazi vilivyopondwa vitakufaa.

Uvimbe huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Usipopungua, ukipata homa au damu ikikataa kukoma, rudi kwa daktari. Ukishindwa kumeza au kupumua, kimbia hospitali hata kama ni usiku wa manane, kwani ugonjwa ukiteremka shingoni waweza kuziba njia ya hewa.

Wapasuaji wa kinywa pia hufunga taya zilizovunjika ajalini, na hukata kipande cha kidonda kisichopona kwa majuma mawili ili kipimwe kama ni kansa.

Mzazi, mwanao akilalamikia gego, usimpe tembe na kunyamaza. Mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa mapema, jino lingali jambo dogo.