Sushi Jikoni Kwetu: Si Lazima Samaki Awe Mbichi

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia chakula ambacho wengi wamekisikia na wachache wamekionja, nacho ni sushi ya Wajapani. Vijana wetu hukiona kwenye televisheni na kwenye simu, na wanaofanya kazi katika mahoteli ya Dar es Salaam hurudi nyumbani na habari zake. Hapo maswali huanza. Je, familia ya Mlandizi inaweza kukitengeneza kwa fedha kidogo? Je, ni kweli kwamba lazima samaki aliwe mbichi?

Swali la kwanza tunalijibu: ndiyo. La pili tunalijibu: hapana. Tunawaomba wazazi wasome sababu zake kabla mtu hajakwenda sokoni kununua samaki.

SUSHI NI NINI HASA?

Watu wengi hudhani sushi maana yake ni samaki mbichi. Sivyo. Asili ya neno hilo katika Kijapani ni uchachu. Kinachofanya chakula hiki kiitwe sushi ni wali uliotiwa siki, na juu yake au ndani yake huwekwa kitoweo chochote: samaki mbichi, samaki aliyeiva, kamba wa kuchemsha, yai au mboga tu.

Historia yake inatusaidia kuelewa. Zamani sana, watu wa mabonde ya mpunga ya kusini-mashariki ya Asia walikuwa wakihifadhi samaki kwa kumtia chumvi na kumfunika kwa wali. Wali ulichacha, na ule uchachu ukamzuia samaki asioze kwa miezi mingi. Baadaye walikula samaki na kuutupa wali. Utaratibu huo ulifika Japani, na hadi leo wakazi wa kando ya ziwa Biwa bado huhifadhi samaki kwa njia hiyo. Baadaye Wajapani waliona si lazima kungoja miezi; walitia siki katika wali na kuula siku ileile. Katika miaka ya 1800 wachuuzi wa mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, walikuwa wakiuza sushi barabarani kama sisi tunavyouza mihogo na mishikaki.

Basi sushi ilianza kama ujuzi wa watu wa kawaida wa kuzuia chakula kisiharibike. Sisi watu wa Pwani ujuzi huo tunao pia. Achari ya ndimu na ya maembe hukaa muda mrefu kwa sababu ya uchachu na chumvi.

KWA NINI TUSILE SAMAKI MBICHI?

Tunazo sababu nne.

Kwanza, minyoo. Samaki wa baharini na wa maji baridi wanaweza kuwa na minyoo midogo katika nyama yao. Kwa sababu hiyo, wanaouza samaki wa kuliwa mbichi huko Marekani huelekezwa wamgandishe kwanza katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friji ya nyumbani, ambayo umeme ukikatika huyeyuka, haiwezi kuaminiwa kwa kazi hiyo. Wengine hudhani ndimu au siki itaua minyoo. Ndimu huifanya nyama ya samaki ibadilike rangi ionekane kama imeiva, lakini mnyoo unaweza kubaki hai.

Pili, maji. Perege na kambale wa mto Ruvu na wa mabwawa yetu wanaishi katika maji ambayo watu huoga na mifugo hunywa. Samaki hao wasiliwe wabichi kamwe.

Tatu, safari. Mlandizi iko kilometa zipatazo 60 kutoka Dar es Salaam. Samaki wa baharini tunayemnunua kwa kawaida ametoka Feri au Bagamoyo, akapita mikononi mwa watu kadhaa, pengine katika ndoo isiyo na barafu. Kila saa anayokaa katika joto, bakteria wanaongezeka.

Nne, hatari ambayo hata moto hauiondoi. Jodari, vibua na samaki wa jamii yao wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama kitu kiitwacho histamini. Mtu akimla samaki huyo, baada ya dakika chache au saa moja au mbili uso huwa mwekundu, kichwa huuma, mwili huwasha na moyo hudunda kwa nguvu. Histamini haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Kwa hiyo kupika ni lazima, lakini hakumtengenezi samaki aliyekwisha kuharibika. Nunua samaki aliyekaa kwenye barafu, mwenye macho maangavu, mashavu mekundu na nyama ngumu. Ukiwa na mashaka, chukua dagaa wakavu au mayai.

WALI NAO UNA HATARI YAKE

Wengi huogopa samaki na kuusahau wali. Katika mchele huweza kuwamo bakteria aitwaye Bacillus cereus. Bakteria huyu hujifungia katika ganda gumu kama mbegu, na mbegu hizo zinaweza kustahimili maji yanayochemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria jikoni, mbegu huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Sumu inayoleta kutapika haiharibiki kwa kupasha moto. Mtu hutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula, naye hulaumu samaki wa jana.

Hapo tunaona kazi ya siki. Wali ukiwa mchachu vya kutosha, bakteria huyo hashindi. Lakini katika miji mingi ya Marekani mikahawa ya sushi hutakiwa kupima uchachu wa wali kwa kifaa maalum. Sisi nyumbani hatuna kifaa hicho, kwa hiyo tutumie saa: wali wa sushi uliwe ndani ya saa 2 tangu upoe.

Kiporo chetu cha asubuhi hakina siki kabisa. Mwenye friji autandaze wali uliobaki kwenye sinia ili upoe upesi, auweke kwenye friji kabla ya saa moja kupita, aule kesho yake ukiwa umepashwa hadi utoe mvuke. Asiye na friji apike kiasi kitakachokwisha siku hiyo. Kumwaga kikombe kimoja cha wali ni hasara ndogo kuliko kumlaza mtoto hospitali.

MAHITAJI YA WATU 5 AU 6

- Mchele nusu kilo
- Siki nyeupe vijiko vikubwa 5
- Sukari vijiko vikubwa 2
- Chumvi kijiko kidogo 1
- Mayai 5
- Dagaa wakavu vikombe 2, au samaki mmoja wa kiasi
- Karoti 2 na tango 1
- Mafuta ya kula kidogo

Wajapani hutumia mchele wa punje fupi unaonata. Mchele wa Kyela au wa Morogoro una punje ndefu na hauna mnato huo, lakini msihangaike kutafuta mchele wa ng'ambo. Tumieni chenga. Chenga ni rahisi kwa bei, na kwa kuwa punje zimekatika, wanga wake hutoka upesi na wali hushikamana.

Karatasi nyeusi ya mwani inayofunika sushi ni ghali, na mwani unaolimwa Zanzibar si wa aina hiyo. Badala yake tutatumia yai lililokaangwa kama chapati nyembamba. Hata Wajapani wenyewe wanazo sushi zilizofungwa kwa yai na kwa majani ya mboga. Kabichi iliyochovywa katika maji ya moto inafaa vilevile.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kibao na kisu kwa maji ya moto. Kibao kilichokatiwa samaki mbichi kisikatiwe mboga kabla ya kuoshwa.

2. Chambua chenga, osha mara moja au mbili, pika kwa maji kuzidi kidogo ya wali wa kawaida. Usitie mafuta wala nazi, maana mafuta huzuia wali kushikana.

3. Pasha siki, sukari na chumvi katika sufuria ndogo hadi sukari iyeyuke. Usichemshe.

4. Pakua wali ungali wa moto kwenye sinia pana. Nyunyiza ile siki na kuchanganya taratibu kwa mwiko, huku mtu mwingine akipepea kwa ungo au kipepeo. Wali ukitiwa siki baada ya kupoa hauinywi vizuri.

5. Chambua dagaa, toa mchanga kwa kuosha mara kadhaa, kisha kaanga hadi wakauke. Kama ni samaki, mchemshe au mwoke hadi nyama iachane na mifupa, uchambue miiba yote kwa vidole.

6. Kata karoti na tango vipande virefu vyembamba. Karoti ichemshwe kidogo. Tango lioshwe vizuri kwa maji safi na kumenywa.

7. Piga mayai, kaanga chapati nyembamba 5 au 6, ziive pande zote.

8. Chukua jani la mgomba lililooshwa na kubabuliwa kidogo motoni ili lilainike. Tandaza chapati ya yai juu yake, kisha tabaka jembamba la wali, kisha weka dagaa na mboga mstari mmoja. Viringisha kwa kukaza kama unavyoviringisha mkeka. Toa jani, kata vipande kwa kisu kilicholoweshwa maji.

Anayeona kuviringisha ni kazi aache. Japani kuna sushi ambayo wali hupakuliwa bakulini na kitoweo kutandazwa juu yake, nayo ndiyo inayopendwa majumbani kwa sababu ni rahisi.

FAIDA YAKE KWA MWILI

Mlo huu una wanga wa kutia nguvu, protini ya kujenga mwili kutoka kwa mayai na dagaa, na vitamini A kutoka kwa karoti. Dagaa huliwa na mifupa yao, kwa hiyo hutupatia madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa na meno. Wenye kisukari wapunguze wali na sukari. Wenye shinikizo la damu wapunguze chumvi. Watoto wadogo wakatiwe vipande vidogo ili wasikabwe. Wajawazito, watoto, wazee na wagonjwa wasishawishiwe kula samaki mbichi, hata katika hoteli.

Siku za Ijumaa, hasa za Kwaresima, familia zinapotafuta chakula kisicho na nyama, mlo huu unafaa sana. Lakini kwa sherehe za Komunyo ya Kwanza, ambapo chakula hupikwa alfajiri na kuliwa alasiri, tunashauri pilau inayokaa motoni.

MTU AKIUGUA

Anayetapika na kuharisha apewe maji ya chumvichumvi kidogokidogo, mara kwa mara. Kama pakiti haipo, changanya lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mtoto akilegea, macho yakiingia ndani, asipopata mkojo, au choo kikiwa na damu, msingoje asubuhi. Mpelekeni Kituo cha Afya Mlandizi au Hospitali ya Tumbi mara moja. Vilevile, aliyekula samaki kisha akashindwa kupumua au akavimba midomo apelekwe bila kuchelewa.

Ndugu wasomaji, kitu kigeni si lazima kiwe cha matajiri, wala si lazima kipokelewe chote kama kilivyo. Tuchukue siki na ustadi wa mikono ya Wajapani, tutumie chenga na dagaa wetu, na samaki tumpike aive.