Miche Iliyokimbilia Juu

Wiki tatu baada ya kusia nyanya, mkulima anafunua nyasi za kitalu na kwa dakika moja moyo unamfurahi. Tuta limejaa, miche imekwenda juu haraka kuliko alivyotarajia. Kisha anaugusa mmoja, nao unalala. Shina ni jembamba, jeupejeupe karibu na udongo. Yale majani mawili ya kwanza yako juu mbali na ardhi, na nafasi kati ya jani na jani ni ndefu kuliko jani lenyewe. Akiung'oa, mizizi ni vinyuzi vichache tu. Huo si mche uliokua vizuri. Ni mche uliotumia akiba yake yote kutafuta jua.

Tatizo hili linajulikana duniani kote kwa watu wanaootesha mimea ndani ya nyumba. London mwezi Desemba mchana una urefu wa saa nane hivi, na jua lenyewe ni hafifu, kwa hiyo anayesia nyanya au pilipili dirishani hana budi kuwasha taa. Ila Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ziko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki nusu saa. Jua lipo saa kumi na mbili kila siku. Mche unalikosaje?

Unalikosa kwa sababu ya huruma. Miche ya vuli husiwa mwishoni mwa kiangazi, Agosti hivi, jua likiwa kali na udongo mkavu. Mkulima anajenga chanja na kuiezeka nyasi nzito ili miche isiungue. Kuku nao wanaparua, mbuzi wanapita, kwa hiyo wengine huona heri trei au makopo yakae upenuni, au ndani kabisa karibu na dirisha la jiko. Kila hatua ina sababu yake nzuri. Tatizo ni kwamba jicho la binadamu ni shahidi mbaya wa mwanga: hujirekebisha lenyewe, chumba kikaonekana kina mwanga wa kutosha. Mchana wa jua kali, nje kuna mwanga wa kiasi cha lux 100,000. Hatua chache ndani ya nyumba, mbali na dirisha, mara nyingi haufiki 1,000. Mtu anasoma gazeti bila shida pale ambapo mche wa nyanya unaona ni usiku unakaribia.

Na mche hujua. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya vichipukizi vya nyasi. Waliziba ncha za baadhi ya vichipukizi kwa vifuniko visivyopitisha mwanga, vingine wakaviacha wazi. Vilivyofunikwa ncha havikupinda kuelekea mwanga, japo sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Maana yake ncha ndiyo inayohisi mwanga, kisha inapeleka habari chini. Miaka ya 1920, Mholanzi Frits Went alithibitisha kwamba habari hiyo hubebwa na kemikali, ambayo leo huitwa oksini. Huyu ndiye mjumbe anayeamrisha seli za shina zirefuke.

Kuna na mlinzi wa pili. Jani likipitisha mwanga wa jua hunyonya ile nyekundu ya kawaida na kuacha ipite nyekundu ya mbali, ambayo jicho letu karibu halioni kabisa. Mimea ina kipokezi kiitwacho fitokromu, kilichogunduliwa na watafiti wa Beltsville, Marekani, katika miaka ya 1950, na kazi yake ni kulinganisha nyekundu hizo mbili. Ile ya mbali ikizidi, mche unaelewa kwamba kuna majirani juu na pembeni yake, na usipowahi utafunikwa. Ndiyo maana mbegu zilizomwagwa kwa wingi mahali pamoja hutoa miche mirefu hata pale ambapo jua lipo. Inashindana. Anayesia kwa kutupa viganja vya mbegu tutani ameandaa mashindano hayo mwenyewe. Bora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, na mbegu zisigusane ndani ya mstari.

Mengine hukoleza moto. Urea kitaluni hutoa majani mengi na shina laini. Maji ya jioni kila siku huacha udongo umelowa usiku kucha, na hapo ndipo ugonjwa wa kinyausi huja: shina linaoza usawa wa udongo na tuta zima linalala kwa siku mbili tatu. Mche uliorefuka, wenye ngozi laini, ndio wa kwanza kuchukuliwa.

Kwa miti hasara huchelewa kuonekana, ila ni kubwa zaidi. Ngara ina sababu ya kujali hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, wakimbizi kiasi cha robo milioni kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo, na kambi ya Benako ikawa mji mkubwa ghafla. Hali ilipofikia kilele, wakimbizi mkoani Kagera walikadiriwa kutumia tani 1,200 za kuni kwa siku. Misitu ya kilomita za mraba 570 iliathirika, na 167 kati ya hizo ziliharibiwa vibaya. Kurudisha miti kunaanzia kwenye viriba, na kiriba chenye mche mrefu kinampendeza mgeni rasmi siku ya upandaji kuliko kinavyomfaa mlima wenye upepo. Wataalamu wa misitu wana hesabu nyepesi: gawanya urefu wa mche kwa sentimita kwa unene wa shina kwa milimita, ukipima karibu na udongo. Mche wa sentimita 30 wenye shina la milimita 6 unatoa 5, huo unafaa. Urefu uleule kwa shina la milimita 3 unatoa 10. Jibu likipita 6 ni heri mche ubaki kitaluni ukomazwe, au uachwe. Rula ya mtoto wa shule inatosha kwa kazi hiyo, na kamati inayopokea miche ya msaada ingefanya vizuri kwenda nayo.

Je, uliokwisha kurefuka unaponyeka? Inategemea ni mche wa nini, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapoharibu mambo.

Nyanya ina bahati. Shina lake lote linaweza kuota mizizi, iwe Tengeru 97, Cal-J au aina nyingine. Wakati wa kuhamisha, yatolewe majani ya chini, kisha shina lizikwe hadi karibu na majani yaliyobaki. Kama mche ni mrefu mno, usichimbiwe shimo la kwenda chini ambako udongo ni baridi na maji yanatuama. Uchimbwe mfereji mfupi, shina lilazwe ndani yake na kichwa kiinuliwe taratibu. Baada ya siku chache sehemu iliyolala huanza kutoa mizizi. Kabichi nayo inakubali kuzikwa, ila iishie chini ya majani ya kwanza, moyo wake usiguswe na udongo. Pilipili huvumilia kidogo tu. Mpapai, mkahawa na miti ya mbao haikubali: udongo ukipanda juu ya shingo ya mche, shina hudhoofika au kuoza. Mkahawa ni wa kuangaliwa zaidi kwa sababu kweli unahitaji kivuli ukiwa mdogo, na mkulima wa Kagera amezoea kuupa. Kivuli hicho ni cha nusu, kinachopunguzwa hatua kwa hatua kadiri siku ya kupanda inavyokaribia, si paa la nyasi lisiloguswa hadi mvua inyeshe.

Kupunguza huko kivuli ndiyo dawa kubwa, na haina gharama. Ikikosewa upande wa pili, majani yanaungua siku ya kwanza na kubaki na mabaka meupe. Kwa nyanya, juma moja hadi siku kumi zinatosha. Nyasi za chanja zianze kutolewa asubuhi, miche ipate jua hadi saa tatu, kesho yake saa nne, na kuendelea hivyo, mpaka siku mbili tatu za mwisho ikae wazi kutwa nzima. Maji yapunguzwe bila kuiacha inyauke, na yamwagwe asubuhi. Iliyosongamana ipunguzwe kwa mkasi, kwa kuwa kung'oa hutikisa mizizi ya jirani.

Upepo nao ni mwalimu, maana huutikisa mche. Mwaka 1973 Mmarekani Mark Jaffe alieleza jinsi mimea inayoguswaguswa inavyobaki mifupi na kunenepa shina. Mkulima anaweza kupitisha kiganja, au ufito laini, juu ya vichwa vya miche mara chache asubuhi na jioni, ikiwa mikavu. Ikiwa na umande atasambaza magonjwa. Inaonekana kama mchezo wa watoto, ila wazalishaji wa miche wa nchi zilizoendelea wameutumia badala ya dawa za kudumaza.

Na taa? Umeme wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, unazalishwa hapohapo Ngara, na wapo watakaofikiria kutundika balbu juu ya trei. Balbu ya sebuleni iliyo darini haisaidii, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo. Ingebidi taa ishuke hadi sentimita 20 au 30 juu ya miche na iwake kwa saa 14 hadi 16 kila siku. Kwa wilaya yenye jua la bure, ni kulipia kilichoko nje ya mlango. Wavu wa kuzuia kuku una faida zaidi.

Iko miche isiyofaa kuhangaikiwa. Ambayo shina limekunjika, au imeshika rangi ya kahawia usawa wa udongo, itupwe mbali na kitalu. Mbegu ya nyanya huota kwa siku tano hadi kumi, na mche huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne hivi. Mvua za vuli huendelea hadi Desemba. Anayegundua kosa mwanzoni mwa Septemba bado ana nafasi ya kusia upya, safari hii kwa chanja nyepesi.