Je, Wajua? Sola na Betri za Mashua ya Tanga

Je, wajua kwamba betri ya risasi huuawa zaidi na kutojazwa kuliko kutumiwa? Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na udhaifu huo inao mpaka leo. Ikiachwa nusu tupu, sahani zake hushika salfeti, nayo salfeti ikikaa hugeuka fuwele ngumu. Sehemu iliyofunikwa haipokei tena umeme.

Manahodha wengi wa yoti huwasha injini saa moja, betri ikakaribia asilimia 80, kisha wakazima. Asilimia 20 ya mwisho huingia polepole, kwa saa kadhaa, hata alteneta ya injini iwe kubwa namna gani. Paneli ya sola haina nguvu za alteneta, lakini inashinda kutwa ikifanya kazi bila tone la dizeli, na kumalizia ndiko inakokuweza. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuifunga. Kuokoa mafuta kunafuata nyuma.

Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa takriban volti 18. Haijaandikwa kimakosa: betri hiyo haijai mpaka isukumwe kwa volti 14 na ushei, na joto la jua hupunguza volti za paneli. Chaji kontrola ndiyo inayosimama katikati, betri isichemke.

Je, wajua kwamba kivuli chembamba kinaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme? Paneli ya kawaida ya volti 12 ina seli 36 zilizofuatana, kila moja ikitoa kama nusu volti. Ni kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo za maji: mmoja akilegea, mstari mzima unakwenda kwa mwendo wake. Seli moja ikifunikwa na kinyesi cha ndege, zile nyingine hubanwa nayo. Watengenezaji huweka daiodi ili umeme uipite sehemu iliyozibwa, lakini sehemu hiyo yote inakuwa imepotea.

Na mashua ya tanga ni kiwanda cha vivuli: mlingoti, kamba, tanga lenyewe. Hata ikiwa nanga chini, upepo na mkondo huizungusha, kivuli kikahama kutoka paneli hii kwenda ile. Ndiyo maana wazoefu huzipandisha paneli juu ya fremu ya chuma kule shetri, mbali na mlingoti. Paneli mbili ndogo, kila moja na kontrola yake, mara nyingi huzidi moja kubwa.

Joto nalo hula umeme. Nguvu iliyoandikwa mgongoni mwa paneli hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi hapo huondoa kama asilimia 0.4, kwa hiyo seli zikifika nyuzi 65 zimeshapoteza karibu asilimia 16. Paneli iliyobandikwa juu ya sitaha hupata joto zaidi ya ile inayopitiwa na upepo chini yake.

Katika pwani yetu, paneli ya wati 100 isiyo na kivuli huweza kurudisha kiasi cha ampea-saa 30 siku ya jua zuri. Taa ya nanga yenye balbu ya zamani ya wati 10 hula 10 kati ya hizo kwa usiku mmoja wa saa 12. Taa ya LED hula 2 hivi. Wavuvi wa dagaa wa maziwa ya Victoria na Tanganyika nao wameiona faida ya LED: wengi wameacha karabai za mafuta ya taa wakachukua taa za LED zinazowashwa kwa betri.

Mashua iliyoachwa Kilifi au Tanga bila mtu huhitaji paneli ndogo tu, ya wati 20 hivi. Betri hujimaliza yenyewe hata isipotumiwa, na katika joto hujimaliza haraka zaidi. Ikifa, pampu ya ngama inakufa nayo, na mvua za masika zinajaza mashua taratibu.

Unapofunga, anza na betri kwenye kontrola, paneli baadaye. Kontrola nyingi hutambua kwa betri kama mfumo ni wa volti 12 au 24; zikianza na paneli zinaweza kukosea. Fyuzi ikae jirani na ncha chanya ya betri.